Matundu Mawili Chini ya Spea

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Bondeni. Gari la shamba la baba mkwe lilikuwa likichemka kila likipanda Mariakani, nami nikamwahidi mbele ya wenzake wa barazani kuwa nitalitoboa boneti lipumue.

Jumamosi, uani kwangu, nilifungua tairi ya spea na kikalio chake, nikapima mara tatu, nikakata matundu mawili na kuyafunga vifuniko vya bati vyenye mianya ya hewa. Kazi ilinipendeza mno. Kisha nikairudisha spea mahali pake, juu ya boneti, ikafunika kila kitu.

Mke wangu alitazama. “Sasa hewa itapita wapi, bwana?”

Nilimpelekea mzee gari lake, nikakaa siku mbili roho mkononi.

Jumatatu aliniita barazani, wenzake wote wapo.

“Mwanangu, nimepata pancha Mariakani. Kuivua spea, nikakuta kazi yako imevaa buibui.”

Nilitazama viatu vyangu huku wazee wakicheka.

“Lakini tangu hapo halijachemka,” akasema. “Spea itakaa nyuma. Nawe kaa mbali na boneti yangu.”