Nyuki Chini ya Ulimi

Ndugu yangu, pikipiki kutoka Kasongo hadi Wamaza humaliza kiuno. Nilishuka siwezi hata kusimama wima. Mama mmoja mwuza ndizi akanihurumia, akanipa asali kidogo kwenye jani, na ndani yake nyuki aliyekufa. Nikamkumbuka mdogo wangu.

Tulikulia hapo kwa nyanya yetu, tuliyemwita koko. Mchana, tukishamenya mihogo na kuiloweka kijitoni, alikuwa akituonyesha ndege wanaokula nyuki. Walitoboa nyumba zao kwenye ukingo wa udongo mwekundu. Ndege alimdaka nyuki angani, akatua tawini, akampiga kichwa, pa, pa! Kisha akamsugua mkia kwenye gome mpaka sumu ikatoka, ndipo akameza. Koko alicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Siku moja, sisi tukitwanga sombe, majani ya mihogo, mdogo wangu alimkamata nyuki kwenye ua la boga. Akampiga kwenye mti wa kinu, akamsugua kidogo, akamtia kinywani.

Sauti aliyoitoa sijaisahau.

"Fungua kinywa!" koko alipiga kelele. Aliung'oa mwiba kwa ukucha, lakini ulimi ulikuwa umeshaanza kujaa. Akamfunga mgongoni, tukakimbia kwenda kwa mwuguzi, ng'ambo ya kijito. Koko, na magoti yake yale mabovu! Nyuma yake nilisikia mtoto akikoroma, na koko akimwambia bila kukatiza, "Pumua, mama. Pumua tena."

Mwuguzi alimdunga sindano. Tulikaa chini, koko ameshika mguu wa mtoto. Jua lilipoanza kushuka mtoto akanong'ona kwamba anataka bukari, ugali wetu wa mihogo. Koko akacheka huku machozi yanamtoka.

"Ule ndege, mama yake alimufundisha," alimwambia. "Weye, nani alikufundisha? Mutu hakulake na kinywa ya mwenzake."

Mdogo wangu alipona. Siku hizi anaishi mbali, ana watoto wake, na asali haigusi.

Nilipomaliza kula nikatembea hadi kijitoni. Wachimba dhahabu wamekata udongo pande zote mbili, maji yamekuwa ya njano kama chai ya maziwa. Siwalaumu, nao wanatafuta chakula. Nyumba ya koko ni majani matupu. Yeye mwenyewe tulimzika zamani. Kijana mmoja mwenye sepetu, kwa lafudhi ya watu wa mbali, akaniuliza, "Mama, iko unatafuta nini?"

"Ndege," nikasema. "Walikuwa wanakaa hapa ukingoni."

"Ukingo gani?"

Hakuwa ananidhihaki. Nikainua mkono kumwonyesha, nikaona ninaelekeza kidole hewani, juu ya maji.