Kiti cha Nyuma Kilikuwa cha Mtungi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ng'ombe. Nilipewa ndoo ya maji. Afisa wa Mifugo wa Wilaya, pale Kitui, mzee mfupi ambaye kofia haikumtoka kichwani, aliniamuru niifunge ndoo nyuma ya pikipiki ya serikali nizunguke uwanja wa ofisi mpaka aseme basi. Maji yakimwagika, ananirudisha mferejini nikajaze upya. Makarani walitoka wakasimama barazani kunicheka. Jioni ndipo akaniita kando.

"Kijana, hayo ni maji tu. Kesho utabeba mbegu. Ukizimwaga, umeua ndama wa mtu kabla hajazaliwa."

Nyinyi mliozaliwa juzi mnaona pikipiki kila kona, mnadhani kazi yake ni kubeba watu. Yangu ilibeba mtungi. Nilikuwa mpandishaji wa ng'ombe kwa mrija, ingawa wakulima waliniita daktari na nikachoka kuwakatalia. Mtungi ule ulijaa naitrojeni, yaani hewa iliyopoozwa mpaka ikawa maji, baridi yake inaunguza ngozi kama moto. Ndani yake mlikaa mirija myembamba yenye mbegu za madume wa maana. Mtungi ukilala ubavu, naitrojeni inamwagika, mbegu zinakufa, na mkulima aliyekuwa akiota maziwa anaambiwa angoje wiki tatu hadi ng'ombe wake atake dume tena. Ng'ombe akionekana anataka dume asubuhi, anahudumiwa jioni. Ukichelewa umechelewa, hakuna pole.

Basi nikajifunza kuendesha kwa ajili ya mtungi. Breki unazishika kabla ya kona, si ndani ya kona. Huinamishi pikipiki. Kwenye mito yetu ya mchanga unashuka, unafungua mipira ya kufungia mzigo, unaukumbatia mtungi ukivuka nao kwa miguu, unauweka kivulini, halafu unarudi kuisukuma pikipiki. Nilifanya hivyo Kitui, nikafanya hivyo nilipohamishiwa Kathonzweni, na mgongo wangu ukaanza kulalamika huko huko. Mkuu wa kituo pale Kathonzweni alikuwa mtu wa kanisa, mpole, lakini likija suala la mbegu alikuwa simba.

Mwishowe nikapelekwa Wote, ofisi zilipokwisha kuwa za kaunti. Mkurugenzi wetu alikuwa mama mmoja asiye na mchezo. Alinikaribisha kwa sentensi mbili. "Hiyo si bodaboda. Nikisikia umebeba mtu, hata awe mchungaji, utatembea kwa miguu."

Sikumbeba mtu. Hata mke wangu Mueni sikumbeba. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa zamani, mahali pake pakachomelewa kikapu cha chuma cha kushikilia mtungi. Mueni alikwenda sokoni kwa miguu na kanisani kwa miguu, nami nikimpita njiani nikapiga honi. Alikuwa akiuita mtungi mke mwenza. Nikirudi jioni ananiuliza, "Mwenzangu ameshindaje?" Tulicheka sana kwa hilo, yeye zaidi yangu.

Nilipostaafu, ofisi iliniuzia ile pikipiki kuukuu. Sijui niliitakia nini. Niliiweka stoo, kikapu chake mgongoni, kuku wakakigeuza kiota. Mimi nikakaa kitini nikachoka. Watu wanafikiri kustaafu ni kupumzika. Kumbe mwili ulikuwa unangoja tu ruhusa ya kuuma kila mahali kwa pamoja.

Mwaka jana Mueni aliugua, akapona, lakini akabaki na kizunguzungu. Akiingia ndani ya gari lililofungwa dunia inazunguka, anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Tulijaribu matatu, tukajaribu gari la jirani madirisha yakiwa wazi, wapi. Mama yake yuko Tulia, kule Kitui, mzee sana, macho yamekwisha. Kila wiki anapiga simu kwa mkono wa mjukuu akiuliza, "Mueni atakuja lini?" Na Mueni anajibu, "Karibuni, mwaitu," yaani mama, kisha anakata simu anakwenda kukaa nyuma ya jiko. Mimi nilijua analia.

Ndipo mwanangu Mutua akatuletea pikipiki yake kubwa tumtunzie, kazi ikiwa imempeleka mbali kwa muda. Niliizunguka mara kadhaa kabla ya kuigusa. Imevaa sura ya porini: mdomo mrefu mbele, usukani mpana, kimo cha ndama wa mwaka. Lakini tazama magurudumu. Matairi laini, ya lami. Injini silinda mbili, inanguruma chini chini kama mtu mzima anayeongea bila haraka. Kioo cha mbele kinapasua upepo usikupige kifuani. Nilipoijaribu barabara ya Wote nilishangaa. Shokabsoba zinameza matuta, mgongo hausikii kitu. Breki zina akili zake, ukizibana ghafla hazifungi gurudumu likateleza. Ila ni nzito. Ikisimama na kuinama kidogo, mzee wa umri wangu anaomba Mungu.

Na nyuma kulikuwa na kiti. Kipana, kirefu, na vishikio pande zote mbili.

Mueni alikitazama, akanitazama. Hakuniomba. Alikwenda kuvaa sweta.

Tulitoka nyumbani Kathonzweni asubuhi kukiwa bado na ubaridi, tukapitia Wote, tukashika lami ya Machakos. Niseme ukweli, niliogopa. Miaka yote ile nyuma yangu kulikuwa na chuma, sasa kuna mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu. Nilishika breki mapema mno. Nilizipita kona nimesimama wima kama mti wa stima. Pikipiki yenyewe ilikuwa inataka kuinama, imeumbwa kwa hilo, ukiiachia inaingia konani yenyewe bila nguvu, nami ninaikataza. Malori yalitupigia honi. Bodaboda wenye mizigo ya makaa walitupita wakitucheka. Lakini kila nilipomuuliza Mueni kichwa kinasemaje, alijibu kwamba kimetulia. Upepo ulikuwa ukimpiga uso. Tulivuka daraja la mto Athi akiimba pambio.

Tulipita Kitui mjini nikaanza kuamini tutafika. Karibu na Tulia, lami ikakatika. Barabara ilikuwa inatengenezwa, wafanyakazi wametupa mawe katikati na kutuonyesha mchepuko ulioshuka kwenye kijito kikavu. Mchanga mtupu, mweupe, mzito. Nikasimama.

Pikipiki za lami hazina urafiki na mchanga. Zile tairi laini hazina meno ya kushika, na ule uzito ukianza kucheza hauwezi kuubembeleza. Nikajua la kufanya, maana nililifanya maisha yangu yote. Nikamwambia Mueni ashuke, nimshike mkono nimvushe, nimketishe kivulini, kisha nirudi kuchukua pikipiki. Na kama haitapita, tugeuze turudi nyumbani, tutajaribu siku nyingine.

Hakushuka. Nilihisi mikono yake ikishika sweta langu kiunoni.

"Baba Mutua," akasema, "mimi si mtungi. Mimi simwagiki. Mama yangu yuko pale juu. Twende."

Nikaenda. Nilifika katikati ya kijito, gurudumu la mbele likazama, usukani ukanitoka mkononi, tukalala ubavu pole pole kama ng'ombe anayelala. Nikageuka. Mueni alikuwa ameketi mchangani, kilemba kimetoka, miguu imenyooka mbele, anajipangusa. Alinitazama nilivyokuwa nimetoa macho.

"Haya," akasema, "nimeanguka. Kuna kilichomwagika?"

Wafanyakazi wa barabara walikuja wakaiinua pikipiki, wakaisukuma hadi ng'ambo. Kioo kimoja cha pembeni kilivunjika na goti langu likavimba. Tukapanda tena. Kwenye kona zilizobaki niliiachia pikipiki iiname ilivyotaka, na Mueni akainama nayo, kana kwamba tumefanya hivyo tangu ujana.

Kwetu mkwe haendi uso kwa uso na mama wa mke wake. Ni nthoni, heshima yenye aibu ndani yake. Nikabaki nje chini ya dirisha, nimeketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikisugua goti. Nilimsikia mama mkwe akimpapasa binti yake, uso, mabega, mikono. Kisha akauliza huu mchanga wote ni wa nini, na nani amemleta.

"Baba Mutua. Kwa pikipiki."

Mama mkwe akauliza, "Na ule mtungi wake ameuacha wapi?"

"Umestaafu, mwaitu."

Wakacheka wote wawili, halafu sikusikia kicheko tena. Nilisikia mama mkwe akilia, na akiuliza kwa sauti ndogo, "Utakuja tena lini?" Safari hii Mueni hakujibu karibuni. Alisema mwezi ujao.

Mutua alirudi akachukua pikipiki yake. Hakuuliza habari za kioo, ni mtoto mwenye adabu. Nilipoisikia ikinguruma kuelekea barabara kuu niliona uchovu wote umenirudia. Vijana huniuliza kama ni pikipiki nzuri. Ni nzuri. Kama una lami na mgongo mbovu, hakuna bora kuliko ile. Lakini mwezi ujao hauji na lami wala na pikipiki ya mwanangu, unakuja na mama mkwe anayengoja.

Jana nilifukuza kuku stoo nikaitoa ile kuukuu, nikaisukuma hadi kwa fundi wa kuchomelea pale Kathonzweni. Inatoa moshi, inaruka kama mbuzi, na kufika Tulia nayo kutaniua kiuno. Na kuniue. Fundi, ambaye ng'ombe wa baba yake niliwahudumia, alikigonga kikapu kwa nyundo akasema hiki ni chuma cha zamani, kizuri, itakuwa hasara kukikata. Nikamwambia akate, aweke kiti, na akifanye kipana.