Ukoko Uliovaa Pama

Siku hizi mama yangu mdogo anazungumza nami kwa Kiswahili tukiwa mbele za watu. Nyumbani, mlango wa uani ukishafungwa, anarudi kwenye Kisukuma alichonilea nacho tangu nikiwa darasa la tano, mama aliponitoa kijijini Samuye na kunileta kwake huku kwenye machimbo ya Geita. Nje ya mlango ule mimi ni mtoto aliyesoma mbali mpaka lugha ikamtoka. Uongo huo aliutunga yeye kwa ajili yangu, nami nikaupokea. Nataka kueleza ulivyoanza, ingawa kueleza ndiko kulikoniponza.

Mama mdogo ni mwoshaji. Anachukua mawe ambayo wachimbaji wameyaona hayana maana, anayaponda kwa nyundo, anayapeleka kusagwa kwenye karasha, ile mashine ya mapipa ya chuma inayonguruma mchana kutwa, kisha anaosha unga wake hapohapo mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia. Dhahabu inayonasa kwenye gunia ni yake. Mchanga unaopita na kutuama chini unaitwa marudio, na marudio ni ya mwenye karasha. Ndivyo ilivyo kwa waoshaji wote. Lakini kila anayeosha anajua kwamba marudio bado yana dhahabu, na kwamba mwenye karasha akishayarundika na kuyatia dawa anapata kuliko wao.

Zamani kidogo mama mdogo alitunga wimbo wa kupondea mawe. Unasema hivi: mwenye chungu katukaribisha, tumekula, tumeshukuru; mwenye chungu, mbona ukoko umeuvisha pama? Ni hayo tu, yanarudiwa na nyundo zikifuata. Mwenye karasha wa kwetu havui kofia yake ya pama ila kanisani, na huko huipakata kama mtoto mchanga. Wanawake wameuimba wimbo ule mbele yake miaka yote. Ameucheza. Kwenye harusi ya binti yake waliuimba akainuka kwenye kiti akamtunza mama mdogo mbele ya wakwe. Hakuna aliyewahi kutamka chungu ni cha nani.

Nayajua hayo kwa sababu nimeponda mawe kwa wimbo huo kila likizo.

Kisha likaja tamasha, la siku tatu, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Waandaaji, wanawake kutoka Dar es Salaam na Mwanza, waliliita tamasha la kifeministi. Mabango ya barabarani yaliandikwa tamasha la wanawake. Kibandani kwa muuza kahawa wanaume walikuwa na jina lao.

"Mke wangu yuko semina ya kiburi," nilimsikia mmoja akisema.

"Kwani alichonacho kilikuwa kimepungua?" mwenzake akamuuliza.

Kulikuwa na ngoma asubuhi na muziki wa jukwaani jioni. Kwenye ukuta mrefu wa darasa la saba wasichana walichora mwanamke mwenye nyundo, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na hakuna aliyetaka urekebishwe. Chini ya turubai moja walifundisha namna ya kushika zebaki bila kuivuta puani, chini ya lingine haki za mirathi. Mimi nilikuwa mkalimani wa kujitolea. Nina shahada ya sosholojia, na huu ni mwaka wa pili nikiwa nyumbani nayo. Waliponipa fulana na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni nililala nikiwa nimekiweka kando ya mto, nikiogopa nitakisahau. Nilikuwa nimeandika orodha ya maneno magumu. Sikupata Kisukuma cha mfumo dume. Nilipomuuliza mama mdogo, alisema, "Sema tu baba zenu."

Siku ya pili ilikuwa warsha ya nyimbo za kazi. Kikundi cha mama mdogo, wanawake wanane, walikaa mkekani na nyundo zao. Wageni walikuwa kwenye viti vya plastiki, na mstari wa mbele alikaa mwenye karasha, kwa heshima, maana jenereta iliyokuwa ikiendesha vipaza sauti ilikuwa yake na tangi la maji lilikuwa lake. Waliimba. Vumbi la mawe likapanda. Yeye alicheka na kupiga makofi kama kawaida, pama ikicheza kichwani.

Mwezeshaji, dada mmoja mpole mwenye rasta, akanigeukia. "Wanasema nini?"

Nikatafsiri kama ulivyo. Mwenye chungu, ukoko, pama.

"Jamani, vizuri," akasema. "Kwa hiyo ni wimbo wa chakula." Akaandika kwenye daftari lake. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaliona neno: *chakula*. Akalipigia mstari.

Nimelifikiria neno lile kuliko mambo mengi ya maana maishani mwangu. Niliona aibu kwa niaba ya mama mdogo. Niliwaza kwamba wageni watarudi Dar wakisema wanawake wa machimbo huimba kuhusu ugali. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa nikiwa nataka kujipenda. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa na kipaza sauti, na kwa siku mbili hakuna aliyeniuliza swali lililohitaji akili yangu.

"Sio chakula," nikasema. "Hilo ni fumbo. Chungu ni karasha. Ukoko ni marudio, mchanga ambao wanawake hawa wananyang'anywa baada ya kuosha. Na pama..."

Hapo nilimtazama mama mdogo. Alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi bila kutumia mkono. Nilimwona. Naliandika hili kwa sababu sijawahi kumwambia mtu mwingine: nilimwona, nikaelewa, na sentensi ilikuwa imeshaanza kutoka, nami nikaona ni aibu kuikatisha.

"Na pama ni ya mwenye karasha," nikamalizia.

Wageni walipiga makofi. Wengine walisimama. Mwezeshaji alikata lile neno kwenye daftari na kuanza kuandika kwa haraka. Mkekani hakuna aliyepiga makofi. Mwenye karasha alikaa mpaka warsha ikaisha, akawapa mikono wageni wote, akanipa na mimi. Jenereta yake iliendelea kuwaka mpaka siku ya tatu, kama alivyoahidi.

Jumatatu kikundi kilikuta ubao wao umeng'olewa mwaloni. Msimamizi akawaambia kuna ukarabati. Jumanne ukarabati ulikuwa wa ubao wao peke yake. Mmoja mmoja wanawake wakaenda kumwamkia mwenye karasha nyumbani kwake, na kufikia Ijumaa saba walikuwa wamerudi kazini. Aliyebaki nje alikuwa mwenye wimbo.

Karasha nyingine iko ng'ambo ya kilima. Huko anayeingia mwisho huosha mwisho, maji yakiwa tope. Mama mdogo alianza kutoka alfajiri na roba la mawe kichwani. Ana goti bovu. Hakunilaumu hata kwa kusonya. Wenzake ndio walionipa yangu kwenye foleni ya bomba.

"Mkalimani," mmoja akaniita, "hebu nitafsirie ndoo hii. Ni ndoo kweli, au ni mume wangu?"

"Nyamaza," mwingine akamwambia, "atakutafsiria mpaka ukose pa kulala."

Wakacheka. Nilicheka nao, nikajaza ndoo yangu, nikaenda nyumbani.

Wiki ya pili nilikwenda kwa mwenye karasha. Maneno yangu nilikuwa nimeyaandika mara nne na kuyakariri. Alikuwa kwenye benchi nje ya stoo, akipangusa pama kwa brashi ya viatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, msomi. Leo umekuja kunitafsiri nini?"

Maneno yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mama mdogo hakunituma.

"Najua hakukutuma. Mama yako ana akili." Aliendelea kupangusa. "Wewe unadhani nilikuwa siujui ule wimbo?"

"Ulikuwa unaujua, baba."

"Niliujua siku ya kwanza. Ananisema, nacheka, naye anaona kwamba nimesikia. Mwaka ule mvua ilipozidi, niliwaachia marudio ya mwezi mzima. Nani aliniambia? Ni wimbo ulionikumbusha. Sasa wewe umesimama na spika, mbele ya wageni, kwa umeme wangu, ukasema ninanyang'anya. Wafanyakazi wangu wananiita Ukoko. Mimi, baba wa watu. Nikimrudisha leo, nimekubali kwamba ni kweli."

Nilitaka kumuuliza kama si kweli. Swali lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa swali zuri. Nikalimeza, na hadi leo sijui kama kulimeza kulikuwa hekima au woga.

"Nifanye nini, baba?"

"Mimi sikufundishi," akasema.

Mama mdogo ndiye aliyenifundisha. Nilipomsimulia, tukiwa tunachambua michembe, viazi vilivyokaushwa, uani, aliuliza mwenye karasha alisema nini hasa, neno kwa neno, akarudia mwenyewe lile la mwisho, sikufundishi.

"Hajafunga mlango," akasema. "Anataka sababu. Tutamwambia hukujua. Umesoma mbali, Kisukuma kimekutoka, ukafumbua usichokijua."

"Lakini nilijua, mama."

"Najua ulijua. Nimemlea nani kama si wewe?" Akatupa kipande kilichoota ukungu. "Na nilikutikisia kichwa, ukaniona."

Nilisema ndiyo. Nilisubiri anipige, au aniambie niondoke, au alie. Nilikuwa nimeyaandaa majibu ya yote matatu.

"Basi hilo ni letu wawili," akasema. "Usiende kulitubu kwa mtu mwingine ukanifanya mimi muongo."

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda mwaloni. Tangu kwenye kona ya kanisa alianza kunisemesha kwa Kiswahili, kwa sauti, polepole, kana kwamba nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Waoshaji walikuwepo, wafanyakazi wa karasha walikuwepo, mashine ikazimwa. Mwenye karasha alikuja akasimama mikono nyuma. Mmoja wa wanawake alinisalimia, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ambayo hata Mhindi wa dukani anaijua. Nilibabaika kabla ya kuitikia. Sikulazimika kuigiza kubabaika.

Nikasema kwamba siku ya tamasha nilikosea. Nikasema Kisukuma changu ni cha utotoni. Kwamba niliwaza mambo ya vitabuni nikayabandika kwenye wimbo wa watu. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, lakini mwenye karasha alikuwa bado ananitazama, wote wakisubiri.

"Ule ni wimbo wa chakula," nikasema.

Kisha mwenye karasha akawageukia wafanyakazi wake. "Mmesikia? Ugali tu. Wajinga nyie." Akacheka, na wao wakacheka, na wanawake nao wakacheka, lakini wao walikuwa wanatazama chini. Mwanamke aliyeniita mkalimani bombani hakucheka. Binti yake alikuwa miongoni mwa waliochora ule ukuta wa shule. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu halafu akanyang'anywa kabla hajakishika vizuri, na ni macho yale ninayoyaona hadi leo, kuliko yale ya mama mdogo. Siku tatu nzima tulikuwa tumewaambia wanawake waseme. Mmoja akawasemea, bila kuwauliza. Sasa huyohuyo amekuja kuwafutia, bila kuwauliza pia.

Jioni ileile nilipata ujumbe wa mwezeshaji. Walikuwa wanaandaa kijitabu cha tamasha na wangependa kuweka wimbo wa marudio pamoja na ufafanuzi wangu. Je, ningeweza kuwathibitishia tahajia? Niliandika majibu, nikafuta, nikaandika. Nilifikiria kijitabu kikifika huku, kikisomwa kwenye kibanda cha kahawa. Nilifikiria pia kwamba bila kijitabu hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba wanawake wale wanajua wanachochukuliwa. Mwisho nilimwomba autoe. Akauliza kwa nini. Nikasema nilikosea tafsiri. Akajibu kwa upole kwamba hutokea, nisijilaumu.

Jumatatu mama mdogo alirudishiwa zamu yake ubaoni. Nilikwenda naye kumbebea roba. Alitandika gunia, akalinyoosha kwa viganja, akamwaga unga wa mawe juu, nami nikashika mpira wa maji kama alivyonielekeza, kwa Kiswahili. Maji yalikuwa safi. Aliosha mpaka mchana bila kupumzika, na goti lake akaliegemeza kwenye jiwe alilolizoea. Alipomaliza, akakung'uta gunia ndani ya beseni lake. Kijana wa karasha akaja na toroli na koleo, akazoa mchanga uliotuama chini, akaupeleka nyuma ya ukuta kwenye rundo. Mama mdogo akanifanyia ishara nifunge maji. Wanawake walianza kuponda mzigo mwingine, na siku hiyo waliponda bila wimbo wowote.