Mia Tatu na Mchoro wa Mdogo Wake

Gereji nzima ilimwita Mia Tatu, na jina hilo alijipa mwenyewe. Siku gari lake lilipopandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, likafungwa mikanda mbele na nyuma, magurudumu yakazunguka juu ya rola hadi mabati ya paa yakatetemeka, karatasi ilitoka na namba yake juu kabisa: nguvu za farasi mia tatu kumi na moja. Alichukua mkasi, akaikata namba peke yake na kuibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi. Kipande kilichobaki, chenye mchoro, kilifaa kufutia kijiti cha kupimia oili. Akakifutia, kisha akakisukumia chini ya meza pamoja na matambara.

Baadaye mdogo wake wa kike, fundi mwenzake katika gereji ileile ya baba yao, alipandisha gari lake kwenye rola hizohizo. Akapata mia mbili sitini na mbili.

Mtu angedhani Mia Tatu alilala usingizi mnono. Wapi! Kijicho kilianzia hapohapo. Yeye alikuwa na namba kubwa, lakini wateja waliinamia karatasi ya dada mtu kuliko walivyotazama ukuta wake. Na baba yao, aliyestaafu spana akabaki kukalia kiti cha gari kuukuu mlangoni, alipopanda gari la binti yake alishuka anacheka kama aliyetoka harusini. La Mia Tatu alilipanda mara moja tu, akashikilia mpini wa mlango njia nzima, na aliposhuka aliomba maji.

"Baba amezeeka," Mia Tatu alimwambia mkewe. "Hajui tena injini."

"Au anajua," alisema mkewe, akaendelea kukunja nguo.

Hata kicheko cha mdogo wake kilianza kumkera, hata namna alivyopanga soketi zake kwa ukubwa. Alipomwona amelala chini ya gari anapiga mluzi, alijikuta anatamani nati imgomee.

Ndipo akaja mwenye malori. Alikuwa mzee mfupi aliyetajirika kwa mizigo na sasa alitaka kufanya alichokitamani tangu ujana: kushindana kupanda mlima kwa gari, ile barabara ya kona zisizokwisha. Gari alikuwa nalo. Alitaka fundi mmoja wa kumjengea injini, mmoja tu, na jina la fundi huyo lingeandikwa ubavuni mwa gari. Mia Tatu alipolisikia hilo la jina, moyo ulimpiga kama bastola ya kuanzishia mbio. Tayari aliliona jina lake kwa rangi nyekundu.

"Sitaki maneno," mwenye malori alisema. "Kila mmoja ana gari lake alilojitengenezea. Nionyesheni vipimo."

Mia Tatu alimshika mkono, akampeleka ukutani. "Soma hapo mwenyewe, mzee. Mdogo wangu hajafika hata mia tatu."

"Sijafika," dada mtu alikubali, anajifuta mikono. "Na sikuwa na safari ya huko."

"Sizitaki mbichi hizo," Mia Tatu alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Mwenye malori aliitazama namba. Kisha akapapasa ukuta chini yake, kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Mchoro uko wapi?"

"Mchoro wa nini? Namba si hiyo?"

"Kijana, hii inaniambia farasi wako wako wangapi. Nataka kujua wanaamka saa ngapi."

Mlangoni baba yao akapaliwa na kicheko. Mia Tatu alipiga magoti, akaingia chini ya meza, akatoka na kipande cha karatasi chenye madoa ya oili. Mwenye malori alikinyoosha kwenye boneti, akaweka karatasi ya dada mtu pembeni.

Mtoto angeweza kuona. Kushoto mwa mchoro injini inazunguka polepole, kulia inazunguka kwa kasi. Mstari wa Mia Tatu ulitambaa chini karibu safari yote, halafu, ukingoni kabisa mwa karatasi, ukaruka juu kama paka aliyekanyagwa mkia. Turbo lake kubwa, ile feni ya kusukumia injini hewa, lilichelewa kujaa pumzi. Mstari wa mdogo wake ulianza kupanda mapema, ukapanda bila kusita, na karibu karatasi nzima ulikuwa juu ya ule wa kaka yake. Ni pale mwisho tu mstari wa Mia Tatu ulipoupita.

"Kwenye kona nitakuwa huku," mwenye malori alisema, kidole katikati ya karatasi. "Huko mwisho kwako nitafika lini? Nikishaanguka bondeni?" Akamgeukia dada mtu. "Binti, kesho naleta gari."

Wengine walipokwenda kunywa chai, Mia Tatu alichukua ufunguo wa gari la mdogo wake, akajisemea kwamba analisogeza tu lisizibe njia. Alilisogeza hadi kilima cha nyuma ya gereji. Kwenye kona ya kwanza alipunguza mwendo kama alivyozoea, akakanyaga mafuta, na kama alivyozoea akasubiri. Hakukuwa na cha kusubiri. Gari lilikuwa limeshaondoka naye. Kona ya pili, vilevile. Alipanda hadi juu, akageuza, akapanda tena, roho inamuuma kila gari lilipoitikia, maana hata hasira zake zote hazikupata pa kulishika.

Aliporudi, mdogo wake alikuwa amesimama penye nafasi tupu, kikombe mkononi.

"Kaka, limesogea mbali."

Mia Tatu alishuka, akamrushia ufunguo. "Breki zako za mbele zinalia."

"Na injini je?"

"Nimesema breki."

Akaenda kuchukua jeki, akaiingiza chini ya gari la mdogo wake, akaanza kulegeza nati za gurudumu la mbele kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.