Miwani Imelala

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na binti yake amekulia ndani ya makochi. Sisemi juu yake, nasema ndani. Kochi likiletwa karakana kukarabatiwa, kaka hulivua kitambaa na kulitoa sponji hadi ibaki mifupa mitupu ya mbao. Mifupa hiyo akiipindua miguu juu na kuitandikia masalia ya sponji, tayari ni nyumba ya mtu wa miaka miwili. Humo binti yake anakula, analala na kuongea. Zaidi anaongea, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika, kila mtu anamwita Chiriku.

Wapo wanaoona ni aibu. Siku moja muuza rangi wa duka la pili alisimama mlangoni akacheka. "Fundi, mwanaume mzima umekuwa yaya?"

Kaka hakuinua kichwa. "Huyu ni wangu. Ningekuwa nalea wa kwako, hapo ungekuwa na swali."

Mimi niko upande wa kaka, na sitafuni maneno. Tumezoea kumsifu baba anayetoka watoto hawajaamka na kurudi wameshalala, eti anawatafutia. Anawatafutia nini, ikiwa akikohoa mlangoni wanamkimbilia mama yao kumwambia kuna mgeni? Mtoto ana haki ya kujua jasho la baba yake linanukaje.

Kaka hana hotuba hizi. Yeye ana kumbukumbu. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, nasi wawili tulikulia chini ya meza yake, vipande vya vitambaa vikituangukia kama mvua ya rangi. Tuliijua hali ya kazi kwa kuutazama mguu wake. Ukikanyaga mbio, ni mshono mrefu wa shuka. Ukinyata, ni kola. Ukisimama ghafla, uzi umekatika, na mwenye akili alifunga mdomo. Tulijipaka chaki usoni tukawa wazee, tukajifunga tepu ya kupimia tukawa wafungwa, na mama alituvuka huko chini bila kutukanyaga hata siku moja.

"Utoto wangu una mlio," kaka aliniambia. "Nikisikia cherehani popote, najiona nimefika nyumbani. Nataka na huyu awe na mlio wake."

Lakini karakana si yake. Ni ya mzee mmoja mfupi tunayemwita Msumari, kwa sababu kutwa anabana vijisumari midomoni na kuzungumza kwa kuvizungukia. Ndiye aliyemfundisha kaka kazi. Shemeji aliporudi kazini kwenye kiwanda cha sabuni, kaka alimwomba mzee ruhusa ya kuja na mtoto. Mzee akavitema vijisumari kiganjani. Akivitema, ujue neno ni zito.

"Aje. Ila siku atakayoharibu kazi ya mteja, anakwenda kwa bibi yake."

Bibi yake, yaani mama yetu, siku hizi anaishi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mtoto akipelekwa huko angekaa mpaka umri wa shule, na kaka angekuwa anasimuliwa maneno yake mapya kwa simu. Alikubali sharti. Tangu siku hiyo hufunga sumaku kwenye kamba na kuiburuta sakafuni asubuhi na mchana kuzoa vijisumari, hadi karakana ikawa safi kuliko hospitali.

Kuna mwezi Chiriku alikuwa amegundua usingizi. Si wa kwake, huo aliukataa kwa mayowe. Alipenda kulaza vitu. Nyundo alifunikwa tambara akabembelezwa. Koleo alipigwapigwa mgongoni. Ukipita hapo kwa kishindo unawekewa kidole mdomoni: "Shhh!"

Basi siku ya kochi la mwalimu nilikuwepo, nimewapitia kuwasalimu. Mwalimu huyo ni mama mmoja mstaafu aliyewahi kuongoza shule, na kochi lake lilikuwa kubwa, limevalishwa kitambaa cha kijani. Kaka alikuwa ameshalifunga mgongo. Msumari akaanza kuzunguka karakana akipapasa meza.

"Nani kachukua miwani yangu?"

"Umeangalia kichwani, mzee?" kaka aliuliza.

"Kichwani nina mvi tu. Usinitanie."

Akatoka kwenda kutafuta uani. Hapo Chiriku akachungulia kutoka nyumbani kwake, akanong'ona, "Baba, miwani imelala."

"Imelala wapi, mama?"

Mtoto akatoka, akaliendea kochi la kijani, akaliwekea shavu, akalipigapiga mgongoni taratibu.

Kaka aliutazama mgongo aliokwisha kuufunga. Nje gari la kubebea kochi lilikuwa limeshafika, linapiga honi. Kochi lingepakiwa, lingekwenda, na mzee angeulaumu uzee wake. Hakuna mwingine aliyesikia, na mimi ni ndugu. Kaka alimtazama binti yake, akavuta pumzi, akaita, "Mzee! Miwani imo humu ndani. Ameilaza huyu, nami nikafunga."

Msumari aliingia, akavitema vijisumari kiganjani kimoja kimoja. Sikuwahi kuviona vyote vikitoka.

"Ulifunga bila kulipapasa tumbo?"

Kwa mafundi hawa, kabla ya kufunga mgongo wa kochi lazima mkono uingie hadi bega, uzunguke kila pembe. Mkasi uliosahaulika humo utakuja kumchoma mtu.

"Sikulipapasa," kaka alisema. "Alikuwa ananiimbia, nikawa naitikia."

Wakati huo mwalimu naye akaingia. "Fundi, gari linaningoja! Mliniahidi kabla ya mchana!"

"Kaa, mwalimu," alisema Msumari. "Fundi wangu anarudia."

"Anarudia nini? Si naliona limekwisha? Mimi sipendi—"

"Shhh!" Chiriku alimwekea kidole. "Imelala."

Mwanamke aliyekuwa akinyamazisha shule nzima kwa jicho moja alinyamazishwa kwa kidole kisichozidi njugu. Akaketi.

Kaka aling'oa pini, akafungua mgongo, akaingiza mkono. Ikatoka miwani, imeviringishwa tambara vizuri kama mtoto mchanga. Kikafuata kijiko. Kikafuata kitana ambacho shemeji alikuwa ameshamgombeza kila mtu kwa ajili yake. Mwalimu alicheka hadi akajifuta macho.

Kaka hakucheka. "Mzee, kwa hiyo nimpeleke kwa bibi yake?"

Msumari alivaa miwani, akamkagua kaka kana kwamba naye ni kochi lililorudishwa. "Kwa kosa gani? Yeye amelaza, hajaharibu. Aliyefunga kazi bila kukagua ni wewe. Kama kuna wa kwenda kwa mama yako, panda basi wewe, mtoto tutabaki naye."

Kaka akainama kwenye kochi haraka, lakini niliona mabega yake yakishuka. Akaingiza mkono hadi bega, akapapasa kila pembe, mwalimu akisimamia kama mtihani.

Mwenye huzuni alibaki mmoja. Chiriku alisimama mbele ya Msumari, mdomo umevimba, machozi tayari. "Babu umeamsha."

Mzee alimtazama. Kisha akaivua miwani, akamkabidhi. "Haya, ilaze tena. Ila mezani hapa, ninapoiona."

"Bila miwani huoni, mzee," kaka alisema kutoka tumboni mwa kochi.

"Basi utaiona wewe. Si nimesema mtoto anabaki? Fanya kazi kwa jicho moja, na jingine umtazame. Na umwitikie wimbo, asije akadhani tumemnunia."

Chiriku akaanza kuiimbia miwani, kaka akaitikia, kwa sauti mbovu, hadi muuza rangi akatoka dukani kwake kuja kuona kuna nini.