Nyumbani kwa Godlisten

Mwanabaraka, msusi wa Buguruni anayesukia kibarazani kwake, alikuwa katikati ya kichwa cha mteja ujumbe wa mtalaka wake ulipoingia: "Ndio tunaenda nyumbani." Mahakama ilimpa Godlisten mtoto Jumamosi na Jumapili tu, saa kumi na moja jioni awe amemrudisha. Leo Jumapili, sasa ni saa kumi na mbili, na kwa Mchaga yule nyumbani ni Machame, kule Kilimanjaro! Miaka minane ya ndoa walipanga nyumba Tabata, hakupaita nyumbani hata siku moja.

Akapiga simu, haipatikani. Akamwacha mteja na nywele nusu, akatoka mbio, kitana mkononi, roho mkononi.

Pale kona akamwona Godlisten akishuka kwenye bajaji na Elinaza, binti yao wa miaka sita.

"Nimemfikisha nyumbani kwenu, mama Eli!" alisema Godlisten. "Simu iliisha chaji."

Akarudi kwenye bajaji, ikaondoka. Mwanabaraka akamkumbatia mwanawe. "Haya mama, tumefika nyumbani."

"Hapa ni kwako," alisema Elinaza. "Nyumbani tutaenda shule zikifungwa. Baba kasema nibebe nguo zangu zote."