Sauti Ambayo Mathilde Hakuifuta

Walimtoa Mathilde nyuma ya cherehani yake kwa kumvuta nywele, sare za kwaya zikiwa bado mapajani. Jiwe la kwanza lilimpasua kichwa. Kisha mtu akainyakua pasi yake ya makaa, akaibandika kwenye mkono wake wa kulia.

"Mulozi! Sema, ni mutoto gani ulipatia karuho?"

Karuho ni sumu ambayo watu wa Bukavu, kule Kongo, huiogopa kuliko risasi. Asubuhi hiyo sauti ya Cirhuza, fundi aliyekosa kazi ya sare zile, ilikuwa imezunguka Dzaleka nzima, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, kwa simu: "Bandugu, ule mama wa cherehani njo anauwa batoto. Mutume kwa bengine." Hakuna mtoto aliyekufa. Hakuna aliyeuliza.

Polisi walisema waliompiga watashtakiwa. Cirhuza hakumgusa mtu. Siku hizi sheria humfikia hata aliyechochea kwa simu, lakini sauti yenyewe lazima ipatikane.

Jumapili mchungaji aliamuru toba. Waumini wote wakainua simu, wakaifuta ile sauti, wakalia, wakaimba. Nasema hiyo ilikuwa dhambi ya pili. Mwenye kutubu hafichi kisu.

Sauti ikabaki kwenye simu moja tu, ya Mathilde mwenyewe, kwa kuwa ilitumwa hata kwenye kundi la simu la kwaya, naye alikuwa mwanakwaya; yeye hakuifuta. Cirhuza akamfuata nyumbani pamoja na wazee wa kanisa, akapiga magoti.

"Mama, unisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi futa, tumalize."

"Kusamehe ni ya mi na Mungu. Hii ni ya tribunali."

Cirhuza aliruka kumpokonya simu, akaushika mkono ulioungua, akaufinya mpaka ngozi ikabanduka. Wazee walitazama tu. Mathilde alipiga yowe, lakini simu hakuiachia. Alimng'ata kidole mpaka meno yakagonga mfupa.

"Unaluma sawa imbwa!" mzee mmoja akamkemea.

"We ulikuwa unaangalia, papa. Imbwa angalau inabweka."

Kesho yake alipanda kabaza, baiskeli ya kukodi, hadi barabara kuu, kisha basi hadi Lilongwe. Mahakamani sauti ilisikilizwa, mkalimani akaitafsiri neno kwa neno. Cirhuza alifungwa.

Vidole vya Mathilde havikunjiki tena, cherehani ameiuza. Kanisani wanamwita mama asiyesamehe. Kila Jumapili hupita katikati yao na kuketi benchi la mbele.